Moshi wa mazuti na kipimo cha uwongo



Kila siku tunaona katika barabara zetu motokari na malori yanayokwenda kwa mazuti. Mwenye motokari ya namna hiyo huipenda, kwa maana ina nguvu mlimani, haili mafuta mengi, na moteri yake hudumu miaka mingi. Lakini mtu anayetembea nyuma yake kwa miguu ana neno lingine la kusema: moshi!

Leo tutaeleza habari ya moshi huo: jinsi serikali za Ulaya na Marekani zilivyotunga sheria za kuupunguza, jinsi kampuni moja kubwa ilivyozidanganya serikali hizo, na jinsi mamilioni ya motokari yalivyoitwa yarudi garaji. Ni habari ya mashini, ndiyo. Lakini zaidi ni habari ya kweli na uwongo, na ya mtu aliyenunua kitu kwa moyo mweupe, kumbe amedanganywa.

BWANA DIESEL NA MOTERI YAKE

Neno «diesel» ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris mwaka 1858; wazazi wake walikuwa Wajerumani. Wakati ule viwanda vilikwenda kwa mashini za mvuke, zilizokula makaa mengi na kupoteza moto mwingi bure. Diesel alitafuta mashini isiyopoteza. Mwaka 1892 aliomba hati ya serikali ya kulinda wazo lake. Wazo lenyewe ni hili: kuibana hewa kwa nguvu hata iwe na moto mkali, kisha kuyaingiza mafuta, nayo yawake yenyewe pasipo cheche.

Mwaka 1897, mjini Augsburg, moteri yake ilipimwa na wataalamu. Iligeuza robo moja ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, na mashini za mvuke za kawaida ziliachwa mbali nyuma. Katika maonyesho makubwa ya Paris, mwaka 1900, moteri moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga! Diesel mwenyewe hakuona siku za motokari za mazuti. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipotea baharini, akisafiri kwa meli kutoka Antwerpen kwenda Uingereza.

Kwanza moteri zake zilikuwa nzito, zikawekwa viwandani na katika meli, halafu katika malori. Motokari ndogo ya kwanza ya mazuti iliyotengenezwa kwa kuuzwa kwa watu wengi ilikuwa Mercedes-Benz 260 D, ya mwaka 1936. Baada ya mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda sana duniani, watu wa Ulaya wakaanza kuitafuta moteri isiyokula mengi. Nchi nyingi za Ulaya zikatoza mazuti kodi ndogo kuliko esanse. Ikawa hivi: kwa miaka mingi, kila motokari mpya mbili zilizouzwa Ulaya ya Magharibi, moja ilikuwa ya mazuti. Ubelgiji na Ufaransa zilipita hata kipimo hicho.

HEWA ILIYOUA

Kwa nini serikali ziliingia katika mambo ya moshi? Kwa sababu watu walikufa.

Mwezi wa Desemba 1930, katika bonde la mto Meuse, karibu na mji wa Liège huko Ubelgiji, ukungu mzito ulikaa siku chache juu ya viwanda. Moshi haukupata njia ya kupanda. Watu zaidi ya 60 wakafa, wengi wao wazee na wagonjwa wa mapafu. Mwezi wa Desemba 1952 jambo lile lile lilitokea London, kwa siku tano. Walihesabiwa wafu kama 4.000, na wataalamu wa baadaye wamesema walikuwa wengi zaidi. Moshi huo ulikuwa hasa wa makaa ya mawe.

Mjini Los Angeles, huko Marekani, watu walisumbuliwa na ukungu wa namna nyingine. Macho yaliwasha, koo iliuma, wala makaa hayakuchomwa kwa wingi kama London. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja jina lake Arie Haagen-Smit alieleza asili yake: ni moshi wa motokari unaopikwa na jua. Katika moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo oksidi za nitrojeni. Haina rangi nyeusi kama masizi, hata jicho haliwezi kuipima vizuri. Lakini huchoma mapafu, na mtoto mwenye pumu huisikia mara moja.

Tushike neno hili, kwa kuwa litatusaidia mbele: moteri ya mazuti hutoa maovu mawili, masizi meusi na oksidi za nitrojeni. Masizi twayaona. Oksidi hatuzioni. Na kitu kisichoonekana ni rahisi kukifanyia uwongo. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya la Dunia walitangaza kwamba moshi wa mazuti huleta saratani kwa binadamu.

SHERIA NA MWITO WA KURUDISHA MOTOKARI

Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria kali ya hewa safi, ikaunda ofisi ya serikali ya kulinda mazingira, iitwayo EPA. Sheria hiyo ilileta jambo jipya: kama motokari za namna fulani zinatoa moshi kupita kipimo, ofisi yaweza kumwamuru aliyezitengeneza aziite zote zirudi, azirekebishe kwa gharama yake. Mwenye motokari halipi kitu. Ni haki, kwa maana kosa si lake.

Huko Ulaya vipimo vilianza kwa jina la Euro 1, mwaka 1992, vikakazwa hatua kwa hatua. Kwa motokari ndogo za mazuti, Euro 3 ya mwaka 2000 iliruhusu gramu 0,50 za oksidi za nitrojeni kwa kila kilometa. Euro 6 ya mwaka 2014 iliruhusu gramu 0,08 tu. Katika karatasi, moshi ulikuwa umepungua mara sita. Mwenye motokari alisoma hivyo katika tangazo, akasema moyoni: «Nimenunua motokari safi, siwadhuru jirani zangu.»

Lakini motokari zilipimwaje? Ziliwekwa ndani ya nyumba, magurudumu yakizunguka juu ya vyuma, kwa mwendo uliojulikana tangu zamani, dakika zilizojulikana. Mtihani ambao maswali yake yanajulikana miaka yote, je, wampima mwanafunzi au wapima ujanja wake?

Ujanja wenyewe haukuwa mgeni. Mwaka 1998 kampuni saba zinazotengeneza moteri kubwa za malori zilipatana na serikali ya Marekani. Zilikuwa zimeshtakiwa kwamba kompyuta za moteri hizo zilifuata sheria wakati wa kupimwa, na kuiacha katika safari ndefu barabarani. Mapatano hayo yaligharimu kama dola milioni 1.000. Mtu angefikiri ulimwengu umekwisha kupata fundisho. Lakini sivyo.

JINSI UWONGO ULIVYOFUNULIWA

Kampuni ya Volkswagen, ya Ujerumani, ilitaka kuuza motokari nyingi za mazuti huko Marekani. Ilizitangaza kuwa motokari safi, zenye nguvu, zisizokula mafuta mengi. Shida ilikuwa hii: kuziondoa oksidi za nitrojeni kunataka vyombo vya bei, au kunapunguza nguvu, au kunakula mafuta zaidi. Basi, badala ya kulipa gharama hiyo au kukiri kwamba haiwezekani, waliandika maagizo ya siri ndani ya kompyuta ya motokari.

Maagizo hayo yaliangalia usukani, mwendo na muda wa safari. Magurudumu yakizunguka na usukani usiguswe, kompyuta ilitambua: «Sasa tunapimwa.» Papo hapo ilisafisha moshi vizuri. Motokari ikitoka barabarani, usafishaji ukapunguzwa, na sumu ikatoka.

Mwaka 2013 watu wachache wa chuo kikuu cha West Virginia walifunga chombo cha kupimia moshi nyuma ya motokari, wakasafiri nayo barabarani, hata kutoka Los Angeles mpaka Seattle na kurudi. Hawakuwa wakitafuta mwizi. Waliowapa kazi hiyo walitumaini kuwaonyesha watu wa Ulaya kwamba mazuti yaweza kuwa safi. Lakini waliona nini? Motokari moja ya Volkswagen ilitoa oksidi za nitrojeni mara 15 mpaka 35 kupita sheria. Nyingine mara 5 mpaka 20. Motokari ya tatu, ya kampuni nyingine, ilikaa karibu na sheria katika sehemu kubwa ya safari. Basi ilionekana kwamba kazi hiyo yawezekana kwa anayetaka.

Walitangaza matokeo yao mwaka 2014. Kampuni ikasema ni kasoro ndogo ya ufundi. Desemba ya mwaka huo ikaziita motokari karibu 500.000 zirudi kurekebishwa. Fikirini, wasomaji: wenye motokari waliacha kazi zao, wakapanga mstari garaji, wakarudi nyumbani na furaha. Lakini wakaguzi wa California walipozipima tena, sumu bado ilipita sheria. Mwito wenyewe ulikuwa sehemu ya uwongo! Ofisi za serikali zikakataa kuruhusu motokari za mwaka uliofuata mpaka zielezwe kweli. Hapo ndipo kampuni ilipokiri, mwanzo wa Septemba 2015. Tarehe 18 Septemba EPA ikatangaza jambo hilo mbele ya watu wote. Siku nne baadaye dunia ikasikia kwamba motokari zenye maagizo ya siri zilikuwa kama milioni 11, na nyingi zaidi zilikuwa Ulaya. Tarehe 23 Septemba mkubwa wa kampuni, Martin Winterkorn, akaacha kazi.

Wahenga walisema: njia ya mwongo ni fupi. Hii ilidumu miaka kadhaa, na haikuwa bila wafu. Wataalamu wa chuo cha MIT walikadiria kwamba huko Marekani peke yake sumu ile ingewafupishia maisha watu karibu 60.

MWENYE MOTOKARI ASEMAJE?

Magazeti mengi yaliandika juu ya kampuni na faini zake. Sisi tumsikilize kidogo mwenye motokari.

Huko Marekani alitendewa haki iliyo karibu kutimia. Mwaka 2016 mahakama ilikubali mapatano ya dola mpaka milioni 14.700. Kila mwenye motokari alichagua: ama kampuni iinunue tena kwa bei iliyokuwa nayo kabla ya habari kufunuliwa, ama airekebishe. Na juu ya hayo alilipwa kwa kawaida dola 5.100 mpaka 10.000. Mwanzo wa mwaka 2018 motokari zaidi ya 300.000 zilikuwa zimekwisha kununuliwa tena, na nyingi zilipangwa katika viwanja vikubwa, hata katika jangwa la California. Mwaka 2017 kampuni ilikiri kosa lake mbele ya hakimu wa Marekani, ikatozwa faini.

Huko Ulaya ilikuwa habari nyingine. Mwezi wa Oktoba 2015 serikali ya Ujerumani iliamuru motokari milioni 2,4 zirudi. Dawa yake ilikuwa maagizo mapya ya kompyuta, na kwa moteri za lita 1,6 kifaa kidogo cha plastiki mahali pa kuingizia hewa. Fidia haikutolewa. Wenye motokari wengi wakanung'unika: wengine walisema moteri imepoteza nguvu, wengine inakula mafuta zaidi, wengine vyombo vya moshi vimeharibika. Lakini aliyekataa mwito aliweza kunyimwa ruhusa ya kuitumia motokari yake barabarani.

Kisha likaja pigo la pili. Mwaka 2018 mahakama kuu ya mambo ya serikali, mjini Leipzig, ilikubali kwamba miji yaweza kuzikataza motokari za mazuti ili hewa ipone. Hamburg ilianza mwaka huo huo, kwa barabara mbili. Tangu Januari 2019 Stuttgart ikazikataza motokari kuukuu za mazuti mjini mwote. Mwenye motokari akalia: «Serikali ilinishauri ninunue mazuti. Kampuni iliniambia ni safi. Serikali ikapima, ikapiga muhuri. Leo mimi ndimi ninayefukuzwa mjini!» Nani atasema malalamiko hayo hayana haki?

Haki yake ilikuja polepole. Mwaka 2020 mahakama kuu ya Ujerumani ilisema kwamba kampuni iliwadanganya wanunuzi kwa namna isiyopatana na maadili mema, na imrudishie mnunuzi bei yake baada ya kutoa thamani ya kilometa alizokwenda. Mwaka huo huo wengine kama 240.000 walipokea fedha kwa mapatano ya pamoja.

Tena likafunuliwa jambo la ajabu. Maagizo mapya, yale ya dawa, yalisafisha moshi kamili wakati hewa ya nje ina joto la digrii 15 mpaka 33 tu, na mahali pasipozidi mita 1.000 juu ya bahari. Mwezi wa Julai 2022 Mahakama ya Ulaya ilihukumu kwamba desturi hiyo ni kinyume cha sheria, hata kama maagizo yametiwa wakati wa kurekebisha. Huko Ulaya siku za baridi ni nyingi. Na sisi wa Kongo tunaweza kuongeza: Bukavu, Goma, hata Lubumbashi, zote ziko juu kuliko mita 1.000. Motokari ya namna hiyo ikifika kwetu, usafishaji wake hupungua mwaka mzima.

Ulaya ilijifunza mawili. Tangu Septemba 2017 motokari za aina mpya hupimwa pia barabarani, si ndani ya nyumba tu. Na tangu Septemba 2020 Tume ya Ulaya yenyewe yaweza kuamuru motokari zirudi, bila kuingoja serikali ya nchi inayoipenda kampuni yake. Kesi za wakubwa ziliendelea miaka mingi. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya Braunschweig iliwahukumu waliokuwa wakubwa wanne wa Volkswagen, na wawili kati yao walipewa kifungo cha gerezani.

NA SISI JE?

Mtu atasema: haya ni mambo ya Wazungu. Hapana. Motokari zinazochoka huko huja kwetu. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 motokari ndogo zilizokwisha kutumika milioni 14 ziliuzwa toka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine. Afrika ilipokea karibu 40 katika kila 100. Na mwito wa kurudi garaji hauvuki bahari: nani atamwandikia barua mnunuzi wa tatu au wa nne, aliye Uvira au Kolwezi?

Mimi niandikaye haya nina kamioneti ya mazuti iliyotumika kwanza Ulaya. Siku moja fundi aliniambia: «Baba, hili chujio la masizi limeziba. Tulitoe, moteri itapumua.» Nikamjibu: «Na walio nyuma yangu watapumua nini?» Tukalisafisha, likarudi mahali pake. Lakini fundi hakusema upuuzi. Mazuti yenye salfa nyingi huharibu vyombo vya kusafisha moshi. Ulaya mazuti hayaruhusiwi kuzidi sehemu 10 za salfa katika sehemu milioni moja. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilipatana sehemu 50, tangu Januari 2015. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, na mafuta mengi ya Kivu hupita katika nchi hizo. Basi ni halali kwetu kuwauliza wauzaji na wakubwa wa serikali: mafuta mnayotuuzia yamepimwa na nani, na kipimo chake ni nini?

FUNDISHO

Tangu zamani Maandiko Matakatifu yanafundisha kwamba Mungu huchukia mizani ya udanganyifu. Muuza chumvi anayepunguza kikombe, na mhandisi anayeandika maagizo ya siri katika kompyuta, wanavunja amri zile zile mbili: ya saba, usiibe, ya nane, usiseme uwongo. Tena wa pili ameugusa uhai wa watu wasiomjua. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si', ya mwezi wa Mei 2015, aliwakumbusha watu wote kwamba hewa chafu huwapiga maskini kuliko wengine. Miezi minne tu baadaye habari ya Volkswagen ikafunuliwa.

Tumeona kwamba uwongo mmoja uliwaumiza watu wawili wasio na kosa: mwenye motokari, na mpita njia. Wasigombane wao kwa wao. Mwenye motokari asiseme: «Sheria za moshi ni adui yangu.» Sheria haikumdanganya, waliomdanganya ni wale waliopima kwa hila, na wale waliolala wakati wa kukagua. Mpita njia naye asimlaani kila mwenye mazuti, maana huenda naye alinunua kwa moyo mweupe. Wote wawili watake kitu kimoja: kipimo cha kweli, barabarani, mbele ya watu.

Na kila mmoja wetu atimize sehemu yake. Fundi asitoe chujio bila sababu. Muuza mafuta asichanganye. Mkaguzi asiuze muhuri wake. Shofere asiache moteri ikinguruma mbele ya shule au hospitali. Watoto wanaorudi shuleni kando ya barabara hawana kompyuta wala chombo cha kupimia. Wana mapafu yao tu, nayo hayadanganyiki.